Daftari la Kashata

Saa nane usiku, Ibra imelala,
kiyoyozi kinakoroma ukutani,
na nje, barazani, chini ya feni niliyomfungia,
kru, kru, kru:
Kashata anajikuna.

Nilianza na viroboto, kama kila mtu.
Nikampekua manyoya kwa chanuo la marehemu mke wangu
(Mungu anisamehe, na yeye anisamehe zaidi),
nikamwogesha, nikampaka mwarobaini.
Kiroboto hata wa dawa sikumwona.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo yake nimeitazama uzi kwa uzi.

Basi, saa mbili za barabara mpaka Maabila,
Kashata kiti cha nyuma, pua dirishani,
masikio yananuka kama unga uliochacha.
Daktari Thuraya akamgeuza: tumbo jekundu kama tungule,
vidole vimelambwa mpaka manyoya meupe yameshika kutu.
Akauliza, "Anakula nini?"
Nikajibu kwa fahari: kuku. Kila siku kuku,
tena mifupa namtolea kwa mkono wangu.
Akaandika. Hakucheka.
"Wiki nane. Nyama moja ambayo hajapata kuionja,
na wanga wa aina moja. Kingine hakuna.
Hakuna, mzee, ni hakuna."

Ngamia, basi, na kiazi kitamu.
"Una wageni wangapi?" aliniuliza Hamdun wa buchani.
"Mmoja," nikasema. "Ana mkia."
Soko zima lilijua kabla ya adhuhuri.

Nikatoa daftari nililostaafu nalo idara ya umeme,
lenye safu za mita na madeni ya watu, nikaandika:
Siku ya tatu, kajikuna kutwa.
Siku ya tisa, kajikuna, kanitazama, kajikuna.
Siku ya kumi na nne, sikio la kulia halinuki. La kushoto bado.
Kidonge cha minyoo nilikirudisha dukani, kina ladha ya kuku.
Sufuria yake mbali, mwiko wake mbali.
Zuweina akapiga simu kutoka Doha:
"Baba, mimi hukunipikia hivyo."
Kweli. Nilikuwa kazini.

Wiki ya tano Muhannad wa jirani, miaka sita,
akarusha ngozi ya kuku juu ya ukuta,
kwa mapenzi, kama nilivyokuwa nikirusha mimi.
Usiku wa pili yake: kru, kru, kru.
Sikumgombeza. Nilimtia kipande cha kiazi mkononi:
"Ukimpenda, hiki tu."
Nikafungua ukurasa mpya. Siku ya kwanza.

Msikitini wananishangaa, mzee mzima.
Kanzu ya swala ina msumari wake,
kanzu ya mbwa ina wake, nyuma ya mlango wa jiko.
Wanangu wanasema Kiarabu, wajukuu Kiingereza.
Kiswahili cha mama yangu, cha Wete,
humu ndani tumebaki nacho wawili,
na mmoja anajua "kaa," "njoo," na "wacha, usijikune."

Siku ya hamsini na sita alilala fofofo.
Niliyeamka ni mimi. Kimya kilinigutusha.

Daktari akataka ushahidi: mrudishie kuku, kidogo, uone.
Nilimpa huku nimegeuza uso.
Akala kwa furaha, maskini, akaramba na sakafu.
Keshokutwa yake, kru.
Nikaandika kwa wino mwekundu: KUKU.
Si nguoni, Kashata. Kikulacho ndicho ukilacho,
na aliyekupakulia ni mimi, kila siku, kwa bismillahi.

Alikuja, akaunusa mkono wangu ule ule,
akaukuta una kiazi,
akaulamba.

Akitulia tena, tutajaribu mchele.
Nimeshapiga mistari ya ukurasa.